KUBEBA BOKSI NA KULA NONDO: Namna ya kugeuza ujuzi wa kazi kuwa krediti za chuo Marekani

Kila wiki napokea swali lilelile kwenye imeli, mara kutoka Bongo, mara Kenya, mara kwa washkaji tulio nao hukuhuku majuu: "Eti kaka, ni kweli kuna vyuo Marekani vinakupa digrii kwa uzoefu wa kazi?" Nimemjibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka. Leo naweka mkanda mzima hapa, mwenye shida asome, aprinti akitaka, amtumie na mwenzake.

Kwa wale ambao dakika za kafe zinakaribia kuisha, jibu fupi ni hili. Krediti za chuo kwa ujuzi ulio nao tayari zipo na ni halali. Digrii nzima ya kulipia tu kwa sababu umeishi na kufanya kazi miaka mingi, hiyo haipo. Anayekuuzia hiyo ya pili ni tapeli. Wenye muda twende taratibu.

KREDITI NI NINI HASA?

Chuo cha Marekani hakihesabu miaka, kinahesabu krediti. Kozi moja ya semista mara nyingi ina krediti 3. Digrii ya kwanza kwa kawaida ni krediti 120, na ile ndogo ya miaka miwili ni krediti 60. Ada nayo unalipa kwa hesabu hiyohiyo ya krediti. Kwa hiyo kila krediti unayopata bila kukaa darasani ni pesa iliyobaki mfukoni, na ni usiku ambao hukutoka kazini saa kumi na mbili asubuhi ukaunganisha moja kwa moja na darasa la saa mbili.

Wazo lenyewe ni rahisi: kama kitu unakijua kwa kiwango kilekile cha mwanafunzi aliyemaliza kozi fulani, kwa nini ulipie kukifundishwa tena? Ila sikilizeni neno hilo, UNAKIJUA. Chuo hakilipi jasho wala miaka. Miaka kumi ya kubeba boksi bila kitu unachoweza kukithibitisha ni krediti sifuri. Mwaka mmoja wenye ujuzi unaoweza kuuonyesha unaweza kuwa krediti 3, au 6, au zaidi. Ukilishika hilo, umeshamaliza nusu ya somo.

Ukienda ofisi ya usajili ya chuo ulizia CPL au PLA. Ndizo herufi wanazotumia.

HISTORIA KIDOGO

Hii haikuanza na intaneti. Baada ya Vita Kuu ya Pili wanajeshi wa Marekani walirudi nyumbani kwa mamilioni, na sheria ya mwaka 1944 iliwapa msaada wa kwenda chuo. Wengi walikuwa wameshajifunza umeme, redio, utabibu na ufundi huko jeshini. Mwaka 1945 American Council on Education, yaani ACE, ikaanzisha kitengo cha kupima mafunzo hayo na kuvishauri vyuo vitoe krediti ngapi.

Mwaka 1967 College Board wakaleta mitihani ya CLEP. Miaka ya mwanzo ya 1970 vikazaliwa vyuo vilivyojengwa kwa ajili ya watu wazima wenye kazi zao: Empire State na Regents kule New York, Thomas Edison kule New Jersey (1972), na Charter Oak kule Connecticut (1973). Regents siku hizi inaitwa Excelsior University. Vyote vinne bado vipo. Mwaka 1974 likaanza kundi la CAEL, kazi yake kutafuta namna ya haki ya kupima ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa.

Mwaka huohuo 1974, kule kwetu, TANU ilikaa Musoma na kupitisha Azimio la Musoma. Pamoja na mambo mengine, lilitaka kijana akimaliza Kidato cha Sita akafanye kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu, tena akiwa na barua ya kumpendekeza. Baadaye utaratibu huo ulilegezwa. Tofauti ni kwamba Musoma kazi ilikuwa sharti la kuingia chuoni. Kwa hawa jamaa kazi inaweza kuwa sehemu ya masomo yenyewe.

NJIA HALALI ZIKO NNE

1. Mitihani. Hii ndiyo rahisi kuliko zote. CLEP ina masomo zaidi ya 30: hesabu, saikolojia, sosholojia, uongozi wa biashara, uhasibu, historia ya Marekani na mengineyo. Mtihani mmoja haufiki dola 100 (kituo nacho kinaweza kuongeza ada yake kidogo), na mingi inachukua dakika 90. Alama zinaanzia 20 hadi 80, na ACE inashauri krediti zitolewe kuanzia alama 50. Ukifeli unasubiri miezi mitatu ndipo urudie somo hilo. Kuna pia mitihani ya DSST, ambayo asili yake ni jeshini lakini raia nao wanaruhusiwa.

Mimi mwenyewe nimefanya minne ya CLEP: uongozi, sosholojia, saikolojia, na ule wa makuzi ya binadamu. Kila mmoja krediti 3, jumla 12. Huo wa makuzi ya binadamu nawashauri sana kina dada na kina kaka wanaohudumia wazee kwenye nyumba za kulelea. Nusu ya mambo yake unayaona kazini kila siku, kinachobaki ni kujifunza majina ya wataalamu na nadharia zao. Shirika la Modern States limekuwa likitoa masomo ya bure mtandaoni ya kujiandaa na CLEP pamoja na vocha za kulipia mtihani. Soma masharti yao ya wakati huo kabla hujategemea vocha.

2. Mafunzo ambayo yameshapimwa. ACE inakagua kozi za makampuni, taasisi na jeshi, halafu inatoa pendekezo la krediti. Kama kampuni yako ilikupeleka mafunzo, uliza kama yamepimwa na ACE. Waliopita jeshini wana hati yao inayoitwa JST. Vyuo vingine vinatoa krediti hata kwa leseni za kazi, zikiwemo za uuguzi na za ufundi.

3. Jalada la ushahidi, au potifolio kama wengi wanavyoita. Hapa unachagua kozi iliyopo kwenye orodha ya chuo, unaandika ulichojifunza kinachofanana na kozi hiyo, unaambatanisha ushahidi, na mwalimu wa somo anakupima. Nitarudi kwake hapo chini maana ndiko watu wanakopotelea.

4. Mtihani wa chuo chenyewe. Baadhi ya idara zitakuambia: lipa ada ndogo, kaa mtihani wa mwisho wa kozi yetu, ukifaulu chukua krediti. Haya mara nyingi hayatangazwi. Mpaka uulize.

Na kwa mliosoma Tanzania au Uganda, msitupe cheti cha Kidato cha Sita. Kuna vyuo vinavyohesabu masomo ya ngazi hiyo kama krediti za mwaka wa kwanza. Utahitaji vyeti vyako vitafsiriwe kwa mfumo wa hapa na kampuni inayokubalika, WES au nyingine iliyo chini ya umoja wa NACES. Waambie unataka ripoti ya kozi kwa kozi, maana ile fupi inaonyesha tu kwamba ulimaliza shule.

LUGHA YAKO NI MTAJI

Hili wengi hawalijui. CLEP haina mtihani wa Kiswahili, lugha zake ni Kifaransa, Kijerumani na Kihispania tu. Lakini ACTFL wanapima Kiswahili, cha kuongea na cha kuandika, na ACE ina mapendekezo ya krediti kwa matokeo yao rasmi. Kwa hiyo Kiswahili ulichonyonya na maziwa ya mama kinaweza kukuondolea sharti la lugha ya kigeni ambalo vyuo vingi vinalo. Uliza kwanza kama chuo chako kinapokea matokeo hayo, maana ada yake si ndogo.

Ndugu zetu wa Kongo na Burundi mna bahati mara mbili. Kifaransa chenu cha shule kinaingia CLEP moja kwa moja. ACE inashauri krediti 6 ukipata alama 50, na krediti 9 ukifika 59. Hizo ni kozi tatu kwa asubuhi moja! Nawajua Wakongo wanaopaki mizigo usiku kucha ambao hawajawahi kuambiwa jambo hili.

JALADA LINAANDIKWAJE?

Mkaguzi hataki hadithi ya maisha yako. Anataka kuona umejifunza nini na unathibitishaje. Tazama tofauti:

"Nimefanya kazi ghalani miaka minne na bosi ananipenda." Hapo hakuna krediti.

"Ghalani nimejifunza kwa nini mzigo wa tarehe ya zamani unatoka kwanza, jinsi ya kukadiria kiwango cha chini cha stoo kabla ya kuagiza upya, na jinsi ya kutafuta chanzo pale hesabu ya kompyuta inapopishana na ya kwenye rafu. Naambatanisha ripoti tatu nilizoandika, cheti cha mafunzo ya forklift, na barua ya msimamizi inayotaja kazi hizo moja moja." Hapo mkaguzi ana kitu cha kupima.

Jalada langu mimi lilikuwa la kozi ya ugavi na usimamizi wa ghala, nikapata krediti 3. Ukijumlisha na zile 12 za mitihani unapata 15, karibu semista nzima. Kazi yake haikuwa ndogo, nilitumia wikiendi sita. Ushahidi unaokubalika ni kama barua za waajiri, vyeti vya mafunzo, ripoti na mahesabu uliyoandaa, picha za kazi uliyotengeneza, ratiba na mikataba. Taarifa za siri za kampuni na majina ya wateja au wagonjwa ziba kwa wino mweusi, hiyo ni sheria na pia ni adabu.

Hata kazi za nyumbani Afrika zinahesabika ukiwa na ushahidi. Dada aliyesimamia duka la mzee wake Kariakoo, akaandika daftari la mauzo, akakopesha na kudai, anajua mambo ya msingi ya uhasibu na biashara. Swali ni moja tu: lile daftari liko wapi? Mnaotegemea kusafiri, anzeni leo kutunza karatasi zenu.

WATU WANAKWAMA WAPI?

Kwanza, ACE inashauri tu. Anayeamua ni chuo. Kuna vinavyokubali nyingi, vinavyokubali chache, na vyenye majina makubwa ambavyo havitaki kusikia kabisa. Pata jibu kwa maandishi KABLA hujalipia mtihani.

Pili, karibu kila chuo kinataka sehemu ya digrii uisome kwake. Krediti 30 katika zile 120 ni kiwango utakachokutana nacho mara kwa mara.

Tatu, uliza krediti zitakaa wapi. Mshkaji wangu mmoja alifaulu mitihani mitano, chuo chake (jina nalihifadhi) kikaziweka zote kwenye kapu la masomo ya hiari, na kapu lenyewe lilikuwa limeshajaa. Krediti zinaonekana kwenye hati yake, lakini hazikumpunguzia hata kozi moja.

Nne, ukihama chuo usidhani zinahama nawe. Chuo kipya kinapima upya.

Tano, wenye viza ya F-1 makini sana hapa. Mwanafunzi wa digrii ya kwanza anatakiwa kusajili masomo ya muda wote, kwa kawaida krediti 12 kila semista. Krediti za CLEP hazihesabiki kama masomo ya semista hiyo. Ongea na mshauri wa wanafunzi wa kigeni kabla ya kupunguza kozi hata moja.

Je, inalipa? CAEL na WICHE walitoa utafiti mwaka 2020 ulioangalia wanafunzi watu wazima katika vyuo 72. Waliopata krediti za namna hii, asilimia 49 walimaliza masomo. Wasiozipata, asilimia 27. Ni kweli kwamba anayehangaika kutafuta krediti huenda tayari ni mtu wa kujituma, kwa hiyo usiseme krediti peke yake zimefanya maajabu. Lakini kinachonisikitisha ni kwamba waliozipata walikuwa karibu mmoja tu katika kila kumi. Wengi hawakuambiwa.

MATAPELI, NA PAKA MWENYE MBA

Sasa tuje kwenye zile imeli: "Pata digrii kwa uzoefu wako wa maisha! Hakuna mtihani, hakuna darasa, siku kumi tu!"

Mwaka 2004 ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo la Pennsylvania iliwatega jamaa wa Trinity Southern University ya Texas. Waliomba digrii kwa jina la Colby Nolan, wakalipia dola 299, wakaandika uzoefu wa kulea watoto na kazi za dukani. Jibu likaja kwamba huyo kwa uzoefu wake anastahili MBA kabisa, aongeze dola 100 tu. Wakaongeza. Colby Nolan akapewa MBA pamoja na hati ya alama nzuri. Wadau, Colby Nolan alikuwa paka. Paka wa miaka sita! Jimbo likafungua kesi.

Mwaka 2015 gazeti la New York Times liliianika kampuni ya Axact ya Karachi, iliyokuwa ikiendesha mamia ya tovuti za vyuo na shule hewa, na wateja wake wengi walikuwa nchi za Ghuba. Mwaka 2017 mmoja wa maofisa wake alihukumiwa New York kifungo cha miezi 21. Wenzetu mlioko Muscat na Dubai mnaoahidiwa kupandishwa cheo "ukileta digrii", mmesikia.

Usifikiri anayeumia ni muuzaji tu. Tanzania mnakumbuka tarehe 28 Aprili 2017, Dodoma, Rais Magufuli alipokabidhiwa ripoti ya watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Kazi ziliota mbawa siku hiyohiyo. Cheti feki ni deni linalolala, siku likiamka linadai na riba.

Mtambue tapeli kwa dalili hizi:
- Digrii nzima kwa bei moja, tena kuna punguzo ukichukua mbili.
- Hakuna mtihani, hakuna mwalimu anayekupima, hakuna anayekataliwa.
- Unachagua mwenyewe tarehe ya kuhitimu na alama.
- Jina linafanana na chuo maarufu, lakini anwani ni sanduku la posta.
- Wanajisifu wana ithibati, ila aliyewapa ni shirika walilolianzisha wenyewe.

Dawa ya hiyo ya mwisho: usimwulize muuzaji. Nenda mwenyewe kwenye orodha ya CHEA au ya Wizara ya Elimu ya Marekani, utafute jina la chuo na la shirika lililokipa ithibati. Ni bure na haichukui dakika tano. Kwa kutambuliwa nyumbani ulizia TCU kwa digrii, au NACTVET (zamani NACTE) kwa vyeti na diploma.

NA WALIOKO NYUMBANI JE?

Utaratibu upo, ila kazi yake ni tofauti kidogo. Tanzania TCU imekuwa na mpango wa RPL kwa watu wasio na sifa za kuingia chuo kikuu moja kwa moja. Unapimwa ujuzi wako, na ukifaulu unaruhusiwa kuomba chuo. Hiyo inakufungulia mlango, haikupunguzii kozi. VETA nao wanarasimisha mafundi waliojifunzia mtaani, wa gereji, wa useremala, wa ujenzi, wa upishi: unapimwa kwa vitendo, ukiiva unapewa cheti. Kenya wana KNQA iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, na fundi wa jua kali naye ameanza kuangaliwa kwa jicho hilo. Hakikisha tarehe na ada kwenye ofisi yenyewe, siyo kwa dalali wa nje ya geti.

CHA KUFANYA WIKI HII

1. Andika kila kitu unachokijua vizuri, na karatasi gani inathibitisha.
2. Chagua vyuo viwili au vitatu, hakiki ithibati yao.
3. Tuma imeli ofisi ya usajili, uliza manne: mnakubali krediti za aina gani, mwisho ngapi, zitaingia kozi zipi, ada ni kiasi gani. Tunza majibu.
4. Anza na mtihani mmoja wa somo ulilo na uhakika nalo. Ukifaulu, ongeza.
5. Jalada liache mpaka uwe umeshasajiliwa, maana linafuata kozi za chuo husika.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Kama umepata krediti kwa njia hizi, weka kwenye komenti chini: chuo gani, krediti ngapi, ilikugharimu nini, na kama walikukatalia sema walikupa sababu gani. Ukitaka kuwa annony ruksa, ila namba za simu na za pasipoti msiweke. Maswali nitajibu nikitoka shifti, safari hii hapahapa ili kila mtu asome.

Naomba kuwasilisha.